Kwa Nini Pwani ya Corsica Ingali Pori

Corsica ni kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Mediterania. Ni kisiwa cha milima mirefu. Mlima Monte Cinto wapita meta 2,700. Mgeni afikaye kwa meli hustaajabu kuona vijiji vingi vimejengwa mlimani, na ufukoni mahali pengi hapana nyumba hata moja. Jambo hilo lina sababu zake.

Sababu ya kwanza ni maharamia. Katika karne ya 16 merikebu kutoka Afrika ya Kaskazini zilikuja mara kwa mara kuteka watu na kuwatia utumwani. Basi katika utawala wa watu wa Genoa minara ya mawe ilijengwa kuzunguka pwani. Mlinzi alipoona adui aliwasha moto juu ya mnara, na mnara wa pili ukapokea habari, hata watu wakapata nafasi ya kukimbia.

Sababu ya pili ni malaria. Nchi ya chini, hasa upande wa mashariki, ilikuwa na mbu wengi mno, mpaka ilipoanza kunyunyizwa dawa ya DDT mwaka 1944.

Siku hizi hofu hizo zimekwisha, na watu wengi hutamani nyumba karibu na bahari. Kwa hiyo kinachoilinda pwani sasa ni sheria. Mwaka 1975 serikali ya Ufaransa iliunda idara ya kununua ardhi ya pwani ili isijengwe. Katika nyika ya Agriates, kaskazini, idara hiyo ina hekta 5,000 hivi. Tena sheria ya mwaka 1986 yakataza kujenga katika meta 100 kutoka baharini, isipokuwa mahali palipokwisha kuwa na mji au kijiji.

Ulinzi huo una maana. Chini ya kijiji cha Nonza uko ufuko mpana wa mawe meusi, nao hupendeza macho. Kumbe mawe yale ni taka za mgodi wa asbesto wa Canari, uliofungwa mwaka 1965. Zilitupwa baharini, na mawimbi yakazileta Nonza, ambako zipo hata leo.

Kijiji cha Girolata, upande wa magharibi, hakina barabara ya magari. Mtu hufika kwa mashua, ama kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Kukosa barabara ni taabu kwa wenyeji. Lakini utulivu huo ndio wageni wanaoufuata kila kiangazi, na wenyeji hupata riziki kwao.