Kabla ya kununua gia ya VVT-i, kagua oili kwanza

GARI la mizigo likilala gereji siku mbili, nyanya huoza na maziwa huchacha. Ndiyo maana mfanyabiashara anayeambiwa gia ya kamshafti imekufa hana budi kujua analipia nini.

Toyota Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 na ambayo sasa hubebea wachuuzi wengi mizigo Kenya na Tanzania, ni miongoni mwa magari yenye mfumo wa VVT-i. Katika injini ya 1NZ-FE, gia ya kamshafti ya vali za kuingiza hewa huzungushwa kidogo na presha ya oili, ili vali zifunguke mapema au zichelewe kulingana na mwendo. Injini ikizimwa, pini ndogo huifunga gia hiyo isicheze.

Pini ikilika, injini hugongagonga kwa sekunde chache inapowashwa asubuhi. Wakati mwingine taa ya injini huwaka, gari hukosa nguvu mlimani na kula mafuta.

Lakini dalili hizo zaweza pia kuletwa na oili chafu au pungufu, vali ya kudhibiti oili iliyokwama, chujio lake dogo lililoziba, au cheni iliyolegea. Oili na chujio ni nafuu kuliko gia. Vikaguliwe kwanza.

Ikibainika gia ndiyo mbovu, fundi huweka pistoni ya kwanza juu kabisa na kutia alama ya rangi kwenye cheni na gia kabla ya kufungua. Kamshafti hushikwa kwa spana isizunguke, kisha bolti ya katikati hulegezwa. Bolti ndogo zinazoizunguka haziguswi, kwani ndizo zinazoshikilia gia yenyewe. Gia mpya hukaa vizuri pini ya kamshafti inapoingia kwenye tundu lake.

Kabla ya kuwasha, injini huzungushwa kwa mkono mara mbili na alama za taimingi za kamshafti na kranki kukaguliwa upya, si zile za rangi kwenye cheni. Zikipishana, vali zaweza kugonga pistoni, na hasara ikawa ya injini nzima.

Mwenye gari adai gia ya zamani aione, na abadilishe oili kwa wakati. Oili safi ndiyo uhai wa gia hiyo.