Vita vya Nsama vina vitabu viwili: vijana wetu wajifunze kuvipima

MFANYABIASHARA wa soko la Kashikishi hanunui gunia la chisense kwa kuambiwa tu. Hulifungua, hutia mkono hadi chini kuona kama kuna mchanga, huuliza limetoka upande gani wa ziwa na samaki walikaushwa lini, ndipo hutaja bei. Cha kushangaza ni kwamba mtoto wa mfanyabiashara huyo huyo, akifika chuoni, huyapokea maneno ya kitabu jinsi yalivyo na kuyanakili katika insha yake.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu. Vita vilipoufikia mji wa Pweto Desemba 2000, tulivuka kuingia Zambia pamoja na maelfu ya wenzetu. Kambi zilizotupokea zilikuwa Kala, wilayani Kawambwa, na Mwange, wilayani Mporokoso. Nilimaliza sekondari na kusomea ualimu huko ugenini, kwa Kiingereza, kisha nikarudi nyumbani kabla ya kambi hizo kufungwa mwaka 2010. Huko ndiko nilikofundishwa kuchambua maandishi na kuandika insha ya utafiti. Tangu niliporudi, naona jinsi elimu hiyo inavyohitajika pande zote mbili za ziwa Mweru.

Upande wa Kongo, mwanafunzi wa graduat alitakiwa kwa miaka mingi kuandika kazi ya kumaliza masomo, ile tunayoiita TFC. Vyuo vilianza kuingia mfumo wa LMD katika mwaka wa masomo 2021-2022, lakini haja ya kujua kuandika utafiti haikuondoka. Upande wa Zambia nako hakuna chuo cha ualimu kisichodai insha. Wazazi wanauza samaki, mihogo na vitenge ili kulipa karo. Hata hivyo, wapo vijana wanaokwenda kwenye vibanda vya fotokopi, wakanunua kazi ya mtu mwingine na kubadilisha jina na mwaka. Siku hizi hata simu inaweza kuandika insha nzima kwa dakika chache. Cheti kinapatikana, lakini mwenye cheti hawezi kusoma ukurasa mmoja akakueleza unasema nini na unaficha nini.

Je, kuchambua ni nini hasa? Nitatoa mfano wa hapa hapa kwetu.

Mwaka 1867, katika nchi ya Itabwa, kati ya Mweru na Tanganyika, chifu Nsama alipigana na wafanyabiashara wa pembe kutoka pwani. Kiongozi wao mmoja alikuwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Habari za vita hivyo tunazo katika vitabu viwili vinavyojulikana sana. Cha kwanza ni maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903. Cha pili ni shajara ya mwisho ya David Livingstone, aliyekuwa akipita nchi hiyo wakati ule ule, na ambaye Novemba 1867 alifika kwa Mwata Kazembe, kando ya maji ya Mofwe.

Mwanafunzi asiyechambua atachagua kitabu kimoja na kukinakili. Anayechambua huanza na maswali. Nani anasema? Aliandika lini? Alikuwa anamtegemea nani?

Livingstone aliandika siku kwa siku, mambo yakiwa bado mapya. Tippu Tip alisimulia miaka zaidi ya 30 baadaye, akiwa mzee Unguja. Kwa hesabu hiyo shajara ina nguvu. Lakini Livingstone hakuiona vita yenyewe. Aliisikia, na alikaa kijijini kwa Chitimba zaidi ya miezi mitatu akingoja njia ifunguke. Tena alipewa chakula na nguo na wafanyabiashara hao hao, akasafiri nao. Aliyekula chakula cha mtu ana sababu ya kumsema vizuri. Isitoshe, yeye alifariki mwaka 1873, na shajara ilihaririwa na Horace Waller na kuchapishwa mwaka 1874.

Tofauti nyingine ni kile ambacho kila mmoja anakipa uzito. Tippu Tip anatueleza ushindi na mali. Livingstone anatueleza pia jinsi amani ilivyotafutwa, hadi mfanyabiashara Hamisi akamwoa binti wa Nsama.

Sasa tuingie katika hesabu, ambayo wafanyabiashara wataipenda. Tippu Tip anataja frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba. Frasila moja ni kama kilo 16. Pembe peke yake ni kilo 31,200. Mpagazi mmoja akibeba frasila mbili, pembe zinahitaji watu 975 na shaba watu 350, jumla 1,325. Kitabu hicho hicho kinataja mateka wapatao 1,000. Je, wangapi kati ya mateka hao walibebeshwa mali ya chifu wao? Hapo mwanafunzi hana ruhusa ya kujibu kwa kukisia, kwa sababu msafara ulikuwa na wapagazi wake pia. Lakini amepata swali, na insha ya utafiti huanza na swali la namna hiyo.

Lugha nayo ina ushahidi. Katika Kiswahili, kiambishi kidogo kinabeba mambo makubwa. Msimulizi akisema "tulishinda", uliza "sisi" ni akina nani, na kama waliobeba mizigo wamo. Akisema "watu walikamatwa", uliza ni nani aliyewakamata, maana kitenzi hicho kimemficha.

Baada ya hapo kuna kazi ya kuandika. Sema jibu lako mapema. Kila unachodai kipe ushahidi, utaje kitabu na ukurasa. Weka pia ushahidi unaokupinga, usiufiche chini kama mchanga kwenye gunia. Mwishoni, usidai zaidi ya ulichoonyesha.

Sauti inayokosekana katika vitabu hivyo viwili ni ya watu wa Nsama wenyewe. Jirani zetu Walunda walilitambua jambo hili mapema: Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, alihakikisha mapokeo ya watu wake yanaandikwa kwa Kibemba katika kitabu Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kilichotoka mwaka 1951. Hicho nacho kipimwe kama vingine, maana mfalme naye ana upande wake. Lakini angalau kipo.

Sisi tuliorudi tunajua maana ya kuandikwa na mtu mwingine. Wengi wetu tuna karatasi ambazo mwandishi wa ofisi fulani alikosea jina au mwaka wa kuzaliwa, na kila tulipokwenda karatasi iliaminiwa kuliko sisi. Kijana anayejua kuhoji maandishi na kuleta ushahidi wake kwa mpangilio hatanyamazishwa hivyo kirahisi, iwe ni kwa chifu, forodhani au mahakamani.

Wazee wa Kitabwa na wa Kilunda bado wapo, Pweto, Moba, Nchelenge na Kaputa. Mwanafunzi aliye likizo aende kwao na daftari, aandike nani amesema, wapi na tarehe gani, kisha akae na vitabu vyote viwili. Mzazi naye, akiombwa pesa za kazi ya kumaliza masomo, kabla ya kufungua mkoba amuulize mwanawe: swali la insha yako ni lipi?