Kisigino Kinakuuma Kila Asubuhi? Soma Hii Kabla Mguu Haujagoma

Unaijua hii story. Alamu inalia saa kumi na moja, unashuka kitandani, unakanyaga chini hivi, alafu kisigino kinakudunga kama umekanyaga msumari. Unachechemea mpaka choo. Ukirudi maumivu yamepoa kiasi, unajiambia ni uchovu tu, unavaa njumu unaenda job. Kesho hivyo hivyo. Mwezi unaisha hivyo hivyo.

Manze, huo si uchovu tu. Na kama wewe ni wa mtaa, mguu si kitu cha kuchezea. Kuna wasee huchapa lapa kutoka Kibera ama Mukuru mpaka Industrial Area kila siku ndio wasave fare. Kuna msusi anasimama kwa saluni kutoka asubuhi hadi usiku, konda ananing'inia kwa mlango wa mat, watchie, hawker, mtu wa mjengo. Hawa wote ofisi yao ni nyayo. Mguu ukigoma, mfuko pia umegoma.

Habari njema ni kwamba maumivu mengi ya miguu unaweza kuyashughulikia hapo kejani, na doo kidogo sana, bora uanze mapema.

Ni nini hasa inauma?

Mguu mmoja, kutoka kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Chini yake kuna utepe mnene na mgumu unaotoka kwa kisigino mpaka kwa vidole. Madaktari huuita planta fasia. Fikiria kamba ya upinde: hiyo ndiyo inashikilia lile pindo la katikati ya unyayo lisilale chini.

Kila hatua inavuta hiyo kamba. Ukiivuta kushinda nguvu yake, siku baada ya siku, inapata majeraha madogo madogo pale inaposhikana na mfupa wa kisigino. Usiku ukilala, mguu unaelekea chini na kamba inajikunja. Asubuhi ukikanyaga, unaivuta ghafla. Ndio maana ile hatua ya kwanza ndiyo noma kuliko zote, ukitembea kidogo inapoa, alafu jioni ama ukikaa kwa mat masaa mawili ya jam, inarudi tena.

Nani hupatikana? Mtu anayesimama kwa simiti siku mzima. Mtu aliyeongeza kilo haraka. Mtu aliyeamua ghafla kukimbia kila asubuhi na hakuwa anakimbia. Mtu mwenye misuli ya nyuma ya mguu imekaza. Na yule wa viatu vyenye soli nyembamba kama karatasi.

Kitu kimoja cha kujua: ukipigwa eksrei uambiwe kuna mfupa umeota kisiginoni, usishtuke. Watu wengi wako na huo mfupa na hawana maumivu yoyote. Mara nyingi shida ni ile kamba.

Fanya hivi, anza kesho asubuhi

1. Kabla ya kukanyaga chini, keti kitandani. Weka mguu unaouma juu ya goti la mwingine, shika vidole, vivute vielekee kwako. Ukigusa unyayo utasikia ile kamba imekaza kama waya wa gitaa. Shikilia sekunde 10, achilia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku.

2. Simama ukiangalia ukuta, weka mikono ukutani, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Wa nyuma unyooshe, kisigino kibaki chini, alafu egemea mbele mpaka usikie nyama ya nyuma ya mguu inavutika. Sekunde 30, mara tatu, kila mguu. Ukiwa job fanya hata nyuma ya kibanda, hakuna anayejali.

3. Jaza chupa ya plastiki na maji, igandishe. Jioni iviringishe chini ya unyayo kama dakika 10, ukiwa umevaa soksi ndio barafu isikuchome. Huna friji? Omba mwenye duka akuwekee kwa ile ya soda.

4. Wacha kutembea miguu tupu kwa simiti ya nyumba. Tafuta pati-pati zenye soli nene.

5. Punguza mzigo, usilale tu. Kama unapiga mbio na mpira wiki nzima, pumzisha hizo kwanza. Kutembea kwa kiasi ni sawa.

6. Dawa: jeli ya maumivu ya kupaka kutoka duka la dawa inaweza kusaidia. Zile tembe za maumivu zisigeuke chakula cha kila siku. Ukiwa na vidonda vya tumbo, shida ya figo, ama una mimba, uliza daktari kwanza.

Alafu uwe mpole. Hii kitu haiishi kwa wikendi. Inaweza kuchukua miezi, lakini wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Wanaoumia sana ni wale wanafanya mazoezi siku tatu, wanaona hakuna kitu, wanawacha.

Njumu zako ndizo shida nusu

Hakuna haja ya viatu vya thao kumi. Mtumba wa Gikomba ama Toi unaweza kukupea kiatu kikali kushinda kipya cha feki. Lakini kumbuka mtumba ulikuwa na mwenyewe, na soli ilishajifunza kutembea kama yeye. Kwa hivyo ukibargain, cheki hivi:

- Weka kiatu juu ya meza, kiangalie kutoka nyuma. Kikilala upande mmoja, rudisha. Kitakulaza na wewe.
- Bonyeza pale nyuma ya kisigino. Kunafaa kuwe kugumu. Kukiporomoka kama mfuko, hapana.
- Kikunje. Kinafaa kukunjika pale vidole hukunjika. Kikijikunja katikati kama chapo, achana nacho.
- Kipinde kama unakamua nguo. Kikizunguka chote, hakitashikilia mguu wako.

Kipime jioni, sababu miguu hufura kadiri siku inavyoenda. Vaa soksi zenye utavaa nazo. Simama, usikae. Wacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Na pima miguu yote miwili: kwa watu wengi mmoja ni mkubwa, nunua kulingana na huo. Ile story ya "kitapanuka tu" imeharibu vidole vya watu wengi.

Kama ni kizuri lakini ndani kumeisha, fundi wa viatu wa mtaa atakuwekea soli mpya ya ndani kwa doo kidogo. Na wewe mrembo wa visigino virefu, beba flati kwa mkoba. Hizo ndefu zivae ukifika.

Hizi zingine zisikupite

Muwasho kati ya vidole: ngozi imekuwa nyeupe, inatoka, inanuka. Hiyo ni fangasi, na hupenda viatu visivyopumua na soksi mbichi. Ukioga, kausha kati ya vidole. Badilisha soksi kila siku. Anika viatu kwa jua. Paka krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, na usiwache siku muwasho unaisha: endelea wiki mbili zaidi. Epuka zile krimu za kuchanganya kila kitu zenye steroidi ndani. Zinanyamazisha muwasho huku fangasi inaendelea kujienjoy.

Sugu: usikate na wembe. Loweka mguu kwa maji ya vuguvugu, sugua polepole na jiwe la miguu, paka mafuta. Alafu tafuta kiatu kinachokubana, sababu sugu itarudi bora kiatu kiko.

Ukucha unaoingia kwa nyama: kata kucha moja kwa moja, usizungushe kwa kona. Usichimbe.

Malengelenge: usipasue. Funika na bandeji safi, wacha ngozi ikulinde.

Mguu kuteguka: umeanguka kwa mpira, kifundo kimefura. Pumzisha, barafu kwa kitambaa dakika 15 hivi, funga bandeji, inua mguu. Siku mbili za kwanza usikandwe kwa nguvu na mtu yeyote, hata kama ni bingwa wa mtaa. Ukishindwa kupiga hatua nne, nenda upigwe eksrei.

Kidole gumba kimefura ghafla usiku, chekundu, hata shuka likikigusa unalia: hiyo inaweza kuwa jongo. Bia na nyama nyingi huichochea. Nenda ukapimwe. Ikithibitishwa, kuna dawa.

Hapa usijitibu

Kuna wakati mambo ya chupa ya barafu hayatoshi. Enda hospitali haraka ukiona haya:

- Kidonda kwa mguu kisichopona, ama kinatoa usaha.
- Wekundu unaopanda juu, pamoja na homa.
- Ganzi, ama unahisi miguu inachoma moto usiku.
- Mguu mmoja umefura nyuma, una joto na unauma. Inaweza kuwa damu imeganda ndani. Ukikosa pumzi pia, hiyo ni dharura.
- Maumivu ya kisigino yamemaliza wiki kadhaa na unafanya kila kitu hapo juu bila nafuu.

Kama uko na sukari, ama mathe ama mzae wako iko nayo, shika hii vizuri. Sukari huua hisia za miguu polepole. Mtu anaweza kukanyaga kijiwe ndani ya kiatu siku nzima asijue, kidonda kianze, na kidonda kikipuuzwa mguu unaweza kukatwa. Kwa hivyo kila jioni angalia nyayo na kati ya vidole. Hufikii kuona chini? Tumia kioo, ama mwambie mtu wa nyumbani akuangalilie. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kidonda kidogo hapo si kidogo.

Na usiogope bill kabla ya kuuliza. Anzia dispensari ama kituo cha afya cha serikali kilicho karibu na wewe, na ujisajili SHA kama hujafanya hivyo. Kuona daktari wiki ya pili ni bei rahisi kuliko kukaa nyumbani miezi mitatu.

Leo usiku, kabla ulale, toa hizo soksi. Osha miguu, kausha, iangalie vizuri chini ya taa, alafu vuta vidole mara kumi. Dakika tano tu. Kesho saa kumi na moja ukikanyaga chini, hiyo miguu ndiyo itakupeleka kutafuta.