R na L: Si Ulimi Mbovu, Ni Sikio Lilivyozoea



Mwezi huu tunaongea juu ya kitu kinachofanya watoto wetu wachekwe shuleni. Mtoto wa Kirundi anasoma "kura" pahali pa "kula", darasa zima linaangua kicheko, na kesho yake hataki tena kunyosha mkono.

Mtoto huyo si mjinga. Kila lugha ina sauti zake za msingi, wataalamu wanaziita fonimu. Ukibadilisha fonimu moja tu, neno linageuka. Kwa Kiswahili, R na L ni fonimu mbili: kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula na kunywa. Mahali ni pa kukaa, mahari hupelekwa kwa wakwe. Lakini katika Kirundi, R na L hazitenganishi maneno, basi sikio halikuzoea kuzigawa. Wajapani nao wanapata taabu hiyo hiyo wakijifunza Kiingereza.

Kirundi nacho kinawashinda wageni. "Umuryango" ni jamaa, na "umuryango" ni mlango. Herufi ni zile zile, Mrundi anazitofautisha kwa sauti tu. Na ndugu zetu Wakongo, wengi wanasema "samani" wakitaka kusema "thamani". Sasa nani amcheke nani?

Mtoto mchanga anaweza kutofautisha sauti za lugha nyingi. Akikaribia mwaka mmoja, sikio lake linashika zaidi zile za nyumbani. Hata hivyo mazoezi yanasaidia, hata kwa mtu mzima. Jioni, mtu anayezijua sauti hizo vizuri, awe jirani au kaka mkubwa, ataje "kalamu" au "karamu", mtoto aseme ni ipi. Dakika tano zinatosha. Sikio likishika, ulimi utafuata: kwa L ncha ya ulimi inatulia nyuma ya meno ya juu, kwa R inagonga haraka na kuachia.

Jambo zito zaidi ni jina. Mwandikishaji anaandika vile anavyosikia. Mtoto akiwa na L kwenye kadi ya chakula na R kwenye cheti cha shule, anaweza kuonekana ni watu wawili. Kwa hiyo, wazazi, litajeni jina herufi kwa herufi, onyesheni karatasi ya zamani kama ipo, na ombeni msomewe kilichoandikwa kabla ya kuondoka mezani.

Tunawatakia mazoezi mema nyumbani.