Daftari la mabaki

Daftari la mabaki ni daftari linalotengenezwa kwa mikono kutokana na vitabu vikuukuu, magazeti, bahasha na vipande vya vitambaa. Jalada la kitabu huhifadhiwa. Karatasi hukunjwa mafungumafungu, hutobolewa kwenye mkunjo na kushonwa kwa uzi, kisha picha hubandikwa kwa mtindo wa kolaji. Gundi ya unga wa ngano, inayopikwa kama uji, hushika vizuri ila huvuta mende na panya.

Shinyanga na Geita malighafi haikosekani: kalenda za mwaka uliopita, vitenge vilivyobaki kwa mafundi cherehani, karatasi za kaki. Lakini mifuko iliyobeba sayanaidi kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, au iliyogusa zebaki, haifai kabisa, hata ikionekana safi, kwa kuwa mabaki ya kemikali hizo ni sumu.

Nchini Kenya, Rosemary Karuga (1928–2021), aliyesomea sanaa Makerere, alitengeneza kolaji kwa karatasi za sabuni na pakiti za unga kwa sababu hakumudu kununua rangi.

Kabla ya kukata kitabu huangaliwa kama nakala nyingine ipo. Kitabu cha kiada kilichopitwa na mtaala hakina shida. Cha Kisukuma kisichochapishwa tena kisiguswe.