Baba Hakukataa, Baba Hakusikia

Tunapozungumza juu ya amani, mara nyingi tunafikiri vita na makabila. Leo tuingie ndani ya nyumba zetu.

Tuchukue mfano. Kule Katuba, baba mmoja alifanya kazi miaka thelathini karibu na mashine za Gécamines. Siku ya Mungu watoto wanakutana juu ya parsele. Wote wanasema pamoja, mbio mbio, na redio inaimba. Baba anatikisa kichwa. Watoto wanaandika: «Baba amekubali tuuze.» Juma linalofuata mnunuzi anafika, baba anachukua fimbo. Watoto wanasema baba ni mgeugeu. Baba anasema watoto wananinyang'anya ningali hai. Ni nani anayedanganya? Hakuna. Baba hakusikia.

Ndugu, tuelewe jambo hili. Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinywele, zinazopokea sauti. Kelele inayopita desibeli 85, saa nane kila siku, miaka na miaka, inaziua, nazo hazioti tena. Uzee nao unazipunguza. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza: sauti za wanawake na watoto, na herufi kama s, f na t. Ndiyo sababu mzee anasema: «Ninakusikia, lakini sielewi.» Wewe unasema «tutunze nyumba», yeye anaweza kupata «tuuze nyumba». Ukipiga kelele, maneno hayawi wazi zaidi, ila uso wako unaonekana wa hasira.

Basi tufanye nini?

Kwanza, umkaribie, umguse bega, aone uso wako kabla hujaanza.

Pili, zima redio. Mmoja aseme, wengine wangoje.

Tatu, umeme ukikatika usiku, elekeza taa kwenye uso wako, si kwenye macho yake, kwa maana anasoma midomo.

Nne, sema polepole. Asipoelewa, usirudilie neno lile lile mara tatu, tafuta lingine. Wala usimwambie: «Acha tu, si kitu.» Neno hilo linamtoa katika jamaa yake.

Tano, usiulize: «Umesikia?» Kwa haya atajibu ndiyo. Umwombe: «Baba, tumepatana namna gani?» Akieleza mwenyewe, ndipo mmepatana.

Sita, mumpeleke kwa munganga. Pengine ni nta tu iliyoziba sikio.

Mimi nimesoma sheria, niwaambie wazi: kichwa kilichotikisika bila kuelewa si mapatano. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo ingali inatumika katika inchi yetu, inadai ukubali wa kweli. Ukubali uliotoka katika kosa au udanganyifu unaweza kuvunjwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imeongeza nguvu kwa haki za wenye ulemavu.

Lakini tusingoje tribinali. Jamaa iliyoshtakiana ni vigumu kula tena sahani moja. Jioni hii, kaa mbele ya mzee wako, umwulize habari za siku, nawe umsikilize mpaka mwisho.