Seva ya Nyumbani na Hesabu ya Giza

Mwaka 1993, uchimbaji ulipokoma katika mgodi wa hapa kwetu Kipushi, nchini Kongo, ambao ulianza kazi katika miaka ya 1920 chini ya kampuni ya Union Minière na baadaye ukawa mali ya Gécamines, kampuni ya serikali, mashine za kuvunjia mawe zilinyamaza na wachimbaji wakapanda juu, lakini pampu hazikupewa ruhusa ya kunyamaza; kwani maji ya ardhini hayangoji bei ya zinki ipande, na mgodi usiovutwa maji huzama, hata kama hautoi kipande kimoja cha madini. Mwaka 2011 pampu kuu ikaharibika, maji yakapanda na kuzifunika njia za chini, na kuyarudisha kukawa kazi ya muda mrefu kabla mgodi haujaanza kutoa zinki tena mwaka 2024. Kisa hiki ndicho ninachowasimulia wanaonijia kuuliza wanunue seva gani, kwa sababu seva nayo ni ya kabila la pampu: gharama yake kubwa haimo katika saa chache inapofanya kazi kwa bidii, imo katika maelfu ya saa inapongoja.

Seva ni kompyuta isiyokaliwa mbele. Huwekwa pembeni ikahifadhi picha za harusi, nyimbo za kwaya, masomo ya watoto na sinema, na simu au televisheni ya nyumbani inapotaka kitu hukipata kwa njia ya ruta, pasipo kugusa intaneti. Huku kwetu, ambako wengi hununua intaneti kwa megabaiti kama mtu anunuavyo sukari kwa kipimo, faida yake ni dhahiri: kilichopakuliwa mara moja hutazamwa mara mia na jamaa wote bila kulipiwa tena.

Mnunuzi aghalabu huuliza kwanza juu ya kasi. Aula aulize mashine inakula wati ngapi ikiwa imetulia. Kompyuta kubwa ya mezani ya zamani, ile ambayo mtu hupewa bure na ndugu akadhani amepata johari, yaweza kula wati 60 bila kufanya lolote. Katika mwaka mzima hizo ni kilowati-saa 525 na zaidi. Kijikompyuta cha wati 10 hutumia kilowati-saa 87.6 kwa muda huohuo. Basi ile zawadi ina kodi ya kila mwezi, nayo hulipwa kwa SNEL, shirika la umeme.

Lakini Kipushi umeme una ila nyingine iliyo kubwa kuliko bei, nayo ni kuondoka kwake. Madhali tunaishi na ukataji wa zamu ambao watu wa huku huuita délestage, hesabu ya seva sharti ianzie kwenye betri na kurudi nyuma. Chukua betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100: ndani yake mna wati-saa 1,200, lakini mwenye busara hatumii zaidi ya nusu, maana betri ya namna hiyo ikimalizwa kila siku hufa mapema, basi tuna wati-saa 600. Seva ya wati 12 na ruta ya wati 8 ni wati 20. Inverta nayo, kifaa kigeuzacho umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ambayo wengi huisahau, yaweza kula wati 15 kwa kuwashwa tu. Jumla ni wati 35, na betri itadumu saa 17 hivi. Tia ile kompyuta ya zamani mahali pa seva ndogo, jumla ipande hadi wati 83, na betri ileile itakwisha baada ya saa saba.

Hapa pana siri ambayo wauzaji hawaitangazi. Vijikompyuta vingi vya prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, hulishwa kwa volti 12 za mkondo mnyoofu, na ruta nyingi kadhalika. Vyote viwili vyaweza kulishwa kutoka betrini kwa kupitia kidhibiti cha volti, ambacho ni lazima kiwepo kwa kuwa betri inayochajiwa hupita volti 14. Inverta ikaondoka katika hesabu, na zile saa 17 zikakaribia 30. Kompyuta ndogo za ofisi zilizokwisha kutumika, za Dell, HP na Lenovo, ni imara na bei yake ni nafuu, ila hutaka volti 19 au 20, hivyo zahitaji kifaa cha kupandisha volti.

Katika kuchagua baina ya mashine hizi, swali la kuamua ni hili: je, seva itatoa sinema kama ilivyo, au itaigeuza njiani? Televisheni au simu ikiwa yaweza kusoma mtindo wa faili lile, seva haina taklifu ila kulipitisha, na hata Raspberry Pi, ambayo haizidi kijaluba kwa ukubwa, hutosha. Lakini televisheni ikiwa ya zamani na faili limebanwa kwa mtindo wa HEVC, seva hulazimika kulifumua na kulisuka upya papo hapo. Kazi hiyo yahitaji sehemu maalumu ndani ya prosesa, ambayo N100 inayo, ilhali Raspberry Pi 5 haina ya kusuka. Jellyfin, programu ya kupitisha sinema kutoka sevani, hutumia sehemu hiyo bila malipo. Plex, programu mwenzake, hutaka ada kwa hilo. Asiyetaka gharama na ayageuze mafaili yake mapema, usiku mmoja mmoja, umeme ukiwapo.

Kwa upande wa diski, zile kubwa za inchi 3.5 hubeba mzigo mwingi kwa bei nafuu, lakini hula wati 5 hivi zikizunguka, na huvuta wati 20 au zaidi zinapoanza kuzunguka. Ndogo za inchi 2.5 huridhika na wati 1 au 2. Hatari iliyo kubwa zaidi ni umeme kukatika diski ikiwa katikati ya kuandika. Kwa hiyo seva na ipewe programu ya kuizima kwa adabu betri inapokaribia kwisha. Na asidanganyike mtu kwamba diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja ni akiba: ukifuta picha, hufutika kote kuwili, na radi za Novemba hadi Aprili zikipita katika waya huziunguza zote. Akiba ya kweli hukaa nyumba nyingine. Kilomita 30 za kwenda Lubumbashi kwa jamaa, na diski moja mfukoni, zatosha.

Siku ya kununua, basi, nenda na kipima-wati cha kuchomeka ukutani, uiwashe mashine, uiache dakika kumi bila kazi, ndipo usome namba. Muuzaji akitaka kukuonyesha jinsi inavyofungua sinema kwa kasi, mshukuru, ngoja amalize, kisha usome namba tena. Ukisha kuifunga nyumbani, chagua jioni moja ya Oktoba kabla mvua hazijashika, uteremshe swichi kuu kwa mkono wako mwenyewe, na uhesabu saa mpaka seva izime. Zikipungua kuliko ulivyokadiria, tafuta kilichozila. Aghalabu ni inverta.